Shumbi na Mfuto

Mama yangu aliuza mchele, maharage na unga wa mahindi barazani kwetu, Barabara ya 14, Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwa zaidi ya miaka 20. Mizani hakuwa nayo. Alikuwa na kopo la bati alilotengenezewa na fundi bati, yule yule aliyekuwa akiunga koroboi za mtaa mzima, na kopo hilo ndilo lililokuwa kibaba chake. Lina mkono mmoja uliochomelewa kwa risasi, na mdomo wake umekunjwa ili usikate vidole. Ninalo mpaka leo, juu ya kabati la jikoni, limefunikwa kitambaa.

Namna alivyopima naiona nikifumba macho. Alilitumbukiza kopo guniani kwa ubavu, akalinyanyua limejaa pomoni, akaliweka juu ya ungo. Halafu kwa kiganja cha kushoto akateka mchele mwingine na kuumimina juu yake taratibu, mpaka ukasimama kama kichuguu. Punje zikawa zinateleza pembeni, zinarudi kwenye ungo, tik, tik, tik. Hapo alingoja. Hakumimina haraka ndani ya kikapu cha mnunuzi, na hakuutikisa. Ikishateleza punje ya mwisho, kilichobaki kimesimama ndicho cha mtu.

Kipimo hicho huitwa shumbi. Ukipitisha kijiti au ukingo wa kiganja mdomoni mwa kopo ukausawazisha mchele, huo ni mfuto. Wajukuu zangu hawayajui maneno haya, na siwalaumu, maana watayajulia wapi? Wamekuta mchele umo ndani ya mfuko umeandikwa kilo mbili. Sisi tulikua na vipimo kama tulivyokua na ndugu. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mkono nao ulikuwa kipimo: kilichokaa juu ya kiganja kilichokunjuliwa ni ukufi, kilichobanwa ndani ya ngumi ni konzi, na viganja viwili vikiunganishwa hapo ni chopa. Nazi zilihesabiwa kwa korija, samaki kwa mtungo, kamba kwa pima, kanga kwa doti, muwa kwa pingili. Ukitumwa dukani hukuambiwa tu "kalete chumvi". Uliambiwa chumvi ya kiasi gani na kwa kipimo gani, na ukirudi nayo pungufu ilijulikana kabla hujafungua kiganja.

Nikiwa na miaka kama tisa niligundua jambo. Mchele wa kuuza mama aliupima shumbi, lakini wa kwetu wa kupika aliupima mfuto. Kila jioni aliingiza kopo guniani, akapitisha kiganja juu, akaumimina chunguni. Nikamwuliza, "Mama, mbona wetu huujazi?" Akanijibu bila kuinua macho, "Wetu ukipungua tutajua sisi kwa nini umepungua."

Pesa zake alizifunga kwenye pindo la kanga. Kabla ya hapo, enzi ya shilingi ya Afrika Mashariki, sarafu za senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, na mama alizitunga kwenye uzi wa katani kama shanga, akaning'iniza nyuma ya mlango. Mwaka 1966, mimi nina miaka 10, zikaja fedha za Tanzania: ndururu ya samaki, senti ishirini ya mbuni, thumni ya sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge, zote zina uso wa Mwalimu upande wa pili. Watoto tulizifurahia kwa ajili ya wanyama. Mama alizigeuza geuza, akasema, "Nzuri, lakini hazitungiki." Tangu siku hiyo pindo la kanga yake likawa zito.

Baba alikuwa kuli bandarini. Gati letu wakati huo lilikuwa la maji haba, kwa hiyo meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba, na mizigo ikapelekwa huko kwa matishari. Baba na wenzake walipakia marobota ya mkonge. Ule ndio ulikuwa wakati wa mkonge hasa. Mwaka 1964 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000, hakuna nchi duniani iliyotupita, na sehemu kubwa ilipitia mikononi mwa watu kama baba yangu. Alirudi nyumbani nyuzi nyeupe zimemganda shingoni na kwenye nyusi. Mama alimwekea ndoo ya maji na dodoki uani, na sisi watoto tulikatazwa kumsemesha mpaka amalize kuoga.

Mkonge ndio uliotuletea wanunuzi pia. Mwisho wa mwezi vibarua wa mashamba ya upande wa Pongwe na Amboni, wakishamaliza vipande vyao, yaani kadi za siku za kazi, na kulipwa, walikuja mjini kununua vitu. Walikuwa watu wa mbali, wa Kigoma, wa Songea, wengine wa Burundi na Msumbiji. Hawakuwa na ndugu hapa. Wengi walipitia barazani kwetu, wengine kwa sababu ya bei, lakini wengi kwa sababu ya shumbi. Habari za kipimo husafiri. Mama aliwauliza nyumbani kwao, akawauliza watoto wao, na waliposhindwa kulipa yote aliandika.

Daftari lake la madeni liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mama hakusoma shule. Alisoma chuoni, yaani madrasa, kwa maalimu, na kama wanawake wengi wa pwani wa umri wake alijua kuandika Kiswahili kwa herufi zile za Kurani. Mimi nilipelekwa shule ya serikali, nikajua A, B, C. Chuoni nilikwenda pia, lakini nilisoma kwa kuhifadhi zaidi kuliko kuandika. Kwa hiyo daftari la mama lilikuwa mbele ya macho yangu miaka yote, na sikuweza kulisoma. Nalitaja sasa kwa sababu ndilo lililonifanya niandike haya.

Mkonge ulianguka. Bei yake ya nje ilishuka nyuzi za plastiki zilipoenea, mashamba mengi yakawa ya serikali baada ya Azimio la Arusha, na mwaka hadi mwaka marobota yakapungua. Kazi ya baba ikawa ya siku mbili kwa wiki, kisha siku moja. Mwaka 1974, baada ya ukame, ndipo tulipokula unga wa Yanga, mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, yenye rangi ya jezi ya timu ile ya mpira. Mama aliuuza naye, maana haukuwepo mwingine. Mwaka 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na vitu tulivyozoea kuviona vikitoka Mombasa kupitia Horohoro, vikawa vya kunong'onezana. Halafu vikaja vita vya Kagera, mwishoni mwa 1978. Aliyeishi miaka iliyofuata hahitaji kuelezwa: foleni ya sukari, foleni ya sabuni, mawe yaliyopangwa mbele ya duka la ushirika tangu usiku, kila jiwe likiwa na mwenyewe. Tulifulia majani ya mpapai. Nilimzaa mwanangu wa pili mwaka 1981, na nepi zake zilikuwa vipande vya kaniki.

Mwaka 1982 mama alipata kiharusi. Kilichukua upande wa kulia, mkono na mguu. Alizungumza, akili yake timamu, lakini mkono ule uliokuwa ukiteka mchele kwa miaka yote ulilala juu ya paja kama wa mtu mwingine. Mume wangu alikuwa safarini, dereva wa malori, hana mwezi wala tarehe. Nilirudi nyumbani kwetu na watoto wawili, nikakaa barazani mahali pa mama. Kitanda chake tulikiweka karibu na dirisha, ili apate upepo na aone watu wakipita. Dirisha hilo lilitazama moja kwa moja pale nilipokaa.

Gunia la mchele lilipatikana kwa shida. Lilitoka Korogwe au Mombo, kwa mtu anayemjua mtu, na bei ilibadilika njiani. Serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, mwaka 1983, hata mtu mwenye magunia mawili ya halali alilala na hofu. Nilianza kwa kupima mfuto. Nilijiambia mfuto ni kipimo halali, na kweli ni halali, kibaba ni kibaba. Wanunuzi walitazama kopo, wakanitazama mimi, wakapokea. Hakuna aliyesema neno. Ilikuwa miaka ya watu kupokea.

Halafu nikaingiza kidole.

Nieleze kinavyoingizwa, maana asiyewahi kuuza nafaka hawezi kukiona. Unalishika kopo kwa mdomo badala ya mkono wake. Vidole vinne nje, dole gumba ndani. Unateka, unapitisha kiganja juu, mfuto mzuri kabisa, kisha unamimina huku kidole kikitoka pamoja na mchele, na mtu aliye mbele yako anaona kopo lililojaa. Kilichopungua ni kama ukufi mdogo. Kwa vibaba 20 unapata kibaba kizima, na kwa kibaba kizima watoto wangu wawili na mama walikula jioni moja. Nilipiga hesabu hiyo, siwezi kusema mkono uliteleza.

Mnunuzi wangu wa kila siku alikuwa mama mmoja jirani, mwenye nyumba iliyo na mti mkubwa wa mkungu mbele. Sisi watoto tuliokotea kungu pale tukazipasua kwa mawe. Watoto saba, mume hana kazi. Alinunua kibaba kimoja kimoja, kila siku, kwa kuwa pesa yake ilikuja hivyo. Yeye ndiye aliyenikata kitovu. Kidole kiliingia na kwake.

Jioni moja, nimeshaingiza magunia na kufunga mlango, mama akaniita kutoka kitandani.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Hicho kidole kinakula kiasi gani?"

Nilisimama na taa ya chemli mkononi. Ningeweza kusema mengi. Nilisema, "Na watoto nao watakula nini, mama? Na wewe dawa zako?" Nikasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Yeye akageuza uso ukutani. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipokufa, na mimi niliendelea.

Nilikuja kuacha, lakini sitajisifu kwa hilo. Bajeti ya mwaka 1984 iliwaruhusu watu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, Mzee Mwinyi akaja mwaka uliofuata, vitu vikaanza kuonekana madukani, na mchele wa shamba ukawa haufichwi tena. Nilipata magunia manne kwa mara moja. Kidole kikatoka chenyewe, kwa sababu hakukuwa na haja nacho.

Mama alifariki masika ya 1986. Mvua ilinyesha siku tatu na barabara ikawa tope, lakini watu walikuja. Baba alisimama mlangoni kabla jeneza halijaondoka, akauliza kama desturi yetu, kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze. Hakujitokeza mtu. Wanawake walikuja matangani na mchele, kila mmoja alichojaliwa, na kwa kuwa kopo la mama ndilo lililokuwa karibu, wakalitumia hilo kupimia ndani ya kapu la kupikia. Nilikaa kwenye mkeka nimefunikwa ukaya na nikawaona. Kila aliyepima alipima shumbi. Alikuwapo na yule mama wa mkungu. Aliteka, akaongeza kwa kiganja, akangoja punje ziteleze kama alivyokuwa akingoja mama. Sikuweza kumtazama usoni.

Baada ya arobaini nilichukua daftari nikampelekea maalimu wa chuo aliyekuwa akifundisha watoto wa mtaani kwetu, mzee sana, anisomee ni nani tunayemdai, ili niwasamehe au niwakumbushe. Akavaa miwani, akaanza. Karatasi za mbele zilikuwa za madeni, jina na vibaba, na nyingi zina neno moja pembeni: "amesamehewa." Vibarua wa mkonge waliorudi kwao, mama mjane wa Barabara ya 9, mvuvi wa Sahare aliyezama. Maalimu alisoma na kufunua, alisoma na kufunua.

Kufika karatasi za nyuma akanyamaza. Akaisogeza ile karatasi karibu na dirisha.

"Mwandiko huu wa nani?" aliniuliza.

Nikatazama. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, zimepanda na kushuka kama za mtoto anayeanza. Nikatambua kwamba mama aliandika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa.

Maalimu akasoma kichwa cha karatasi: "Tunaodaiwa." Chini yake majina, na mbele ya kila jina vijistari, na mwisho hesabu. Mama wa mkungu, kufi 47. Mjane wa Barabara ya 9, kufi 12. Fundi cherehani, kufi 9. Yule wa maji, yaani aliyetuletea maji kwa mkokoteni, kufi 15. Waliendelea hivyo watu tisa. Mama alilala dirishani akahesabu kidole changu kila kilipoingia, akakipimia ukufi kamili ingawa kilikuwa kidogo kuliko ukufi, na akaandika. Jina langu halikuwamo popote. Ameandika "tunaodaiwa," sisi, na yeye ndani yake.

Maalimu alivua miwani. Alijua, bila shaka alijua, sura ya 83 yeye ndiye aliyenihifadhisha, ile inayoanza kwa onyo kwa wanaopunja vipimo. Hakuitaja. Aliniuliza tu, "Kalamu unayo? Niandikie hapa kwa herufi zako, uende nayo." Nikaandika majina tisa kwa herufi za shule nyuma ya bahasha.

Ilinichukua miezi mitano kulipa. Nilifanya moja moja, jioni, na kikapu kichwani. Mjane alipokea na kulia kwa sababu ya mama, sikujua kama aliuelewa mchele wenyewe. Fundi cherehani alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Aliniambia maneno mazito mbele ya wateja wake, nikasimama mpaka akamaliza. Wa maji alikuwa amehamia Pangani, nikampelekea kwa basi.

Kwa mama wa mkungu nilikwenda mwisho, kwa aibu. Nilimkuta uani anakuna nazi, amekaa kwenye mbuzi, kifuu mkononi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniambia nikae. Nikamweleza kila kitu, na kidole nikakionyesha. Aliendelea kukuna mpaka nikamaliza. Kisha akakung'uta kifuu ukingoni mwa bakuli na kusema:

"Nilijua, mwanangu. Mchele wa watoto saba mtu haukosei. Nilipika siku ya kwanza nikaona chungu kimeshuka, nikajua."

"Sasa mbona uliendelea kuja kwetu?"

Akanitazama kama aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Ningekwenda wapi? Mama yako kalala pale, wewe una watoto wachanga, mume hayupo. Nikasema acha huyu ale, akimaliza atashiba."

Aliupokea mchele. Alikwenda ndani akaleta kopo lake, akaupima upya mbele yangu, na akanirudishia kibaba kimoja, akasema hicho nimezidisha. Niliondoka pale na kibaba hicho nikakipika usiku ule ule, na watoto wakauliza kwa nini ninakula nikiwa nalia.

Jina la tisa sikulilipa. Lilikuwa la kibarua mmoja wa mkonge. Mama hakuwa na jina lake, aliandika tu "Mha wa kofia nyekundu, kufi 6." Nilikwenda Amboni, nikauliza, nikaenda Pongwe. Mashamba yenyewe yalikuwa yameshalala. Nchi nzima wakati huo ilikuwa haitoi hata tani 50,000, kambi zimebaki na vizee na majani. Mtu mmoja alinikumbukia kofia, akadhani alirudi Kigoma. Nikarudi nyumbani na mchele wangu.

Miaka mingine imepita haraka kuliko inavyostahili kuandikwa. Coastal Union, timu yetu ya mpira ya hapa Tanga, walichukua ubingwa mwaka 1988, na baba yangu, ambaye hakuwa mtu wa kucheka, alisimama barazani akaagiza kila apitaye aongezewe ukufi wa maharage bure. Tulimaliza nusu gunia. Alimfuata mama mwaka 1993. Baadaye baraza likawa duka, duka likawa la mwanangu, mwanangu akanunua mizani. Niliipokea mizani ile kwa furaha ya kweli. Haiwezi kuingizwa kidole kirahisi, na mtoto mdogo aliyetumwa haonewi kama wa zamani. Watu wengi wa rika langu husema zamani palikuwa na uaminifu. Zamani palikuwa na mimi. Palikuwa na makopo yaliyobonyezwa chini, na mchele uliolowanishwa uwe mzito, na surua iliyomchukua mdogo wangu kabla hajatimiza miaka miwili, na maji ya mkokoteni. Sitaki kurudi huko.

Ninachokikosa ni ule muda wa kungoja punje iteleze. Ulikuwa mfupi, labda pumzi mbili, lakini ndani yake mama alimwuliza mtu habari za nyumbani, na mtu akajibu. Kwenye mizani namba ikishasimama pesa inatoka, na siku hizi hata pesa haitoki mkononi, inakwenda kwa simu. Pia kinaniuma kitu kingine: kujaza kupita mdomo kumebaki, ila kumehamia upande wa mwenye nguvu. Mkulima wa viazi wa Lushoto anajaziwa gunia lake lumbesa, linavimba kama lina mimba, linashonewa kofia juu, na analipwa bei ya gunia moja. Wakala wa Vipimo wanaikataza, na bado ipo. Mama alijaza cha kwake ampe asiye nacho. Lumbesa humjazisha asiye nacho.

Pishi imebaki mahali pamoja, nayo ni fitri. Kila mwisho wa Ramadhani, kabla ya sala ya Idi, kila kichwa nyumbani hutolewa pishi moja ya chakula kwa maskini. Mwanangu hupima kilo mbili na nusu kwa mizani, na ndivyo wengi wanavyofanya sasa. Mimi hushusha kopo la mama. Mwaka huu mjukuu wangu wa miaka 12 aliomba anisaidie, akaja na mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia unga wa keki, yenye namba zinazowaka.

Nilipima vibaba vinne vya shumbi, akaviweka juu yake, akainama kutazama.

"Bibi, imepita. Inakaribia kilo tatu."

"Mimina hivyo hivyo."

"Si umesema pishi ni kilo mbili na nusu?"

"Ya mtu mmoja ndiyo. Hii ina na ya mwingine ndani yake." Akaniuliza mwingine nani, nikamwambia ni Mha wa kofia nyekundu, nikamwahidi nitamweleza. Hajaniacha mpaka nikamweleza, na nimeona afadhali niandike pia, kabla daftari halijaliwa na mchwa.

Akataka apime mwenyewe. Nikampa kopo. Aliliingiza kwenye gunia kwa ubavu bila kufundishwa, akalitoa, akaongeza kwa kiganja, mchele ukasimama, punje zikaanza kuteleza kwenye ungo. Alikuwa anatazama kile kichuguu, mimi nikatazama mkono wake. Alilishika kopo kwa ule mkono wa bati, vidole vyote vitano, na dole gumba lilikuwa nje.